Dawa ya Chafya Hunywewa Kabla ya Vumbi

Juzi msichana mmoja wa chuo anayeishi ploti yetu hapa Langas alinibishia mlango, leso puani, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kusaga pilipili.

"Shosho, si wewe ulikuwa unafanya kazi kwa daktari Mchina?" aliniuliza. "Niambie ile dawa yao ya aleji inaitwa aje. Kuna mtu anauza kwa simu, niagize leo leo."

Nilimvuta ndani, nikampa kiti na kikombe cha maji moto. Jina la dawa sikumpa. Nilimsimulia haya ninayowasimulia nyinyi sasa, maana naona simu zenu zimejaa matangazo ya majani ya Kichina, na wanaoyajua majani yenyewe ni wachache.

Mimi ni Mama Nafula. Miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia katika kliniki ya Daktari Wen, ghorofani, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Eldoret. Niliajiriwa kufagia. Lakini Daktari alikuwa mtu asiyeweza kumwona mwenzake ameshika ufagio bila kumfundisha kitu kingine. Mwezi haukuisha kabla hajaniketisha mbele ya sinia la mizizi, akaniambia nitenganishe mizuri na iliyooza.

"Macho baadaye," alisema. "Pua kwanza."

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, mpole wa sauti, mkali wa kazi. Alikuja Kenya na mumewe aliyekuwa akijenga barabara, akapata kibali chake cha kutibu, akafungua kliniki. Kiswahili alijifunzia sokoni kwa kina mama wa mboga, ndiyo maana angeweza kubishana bei ya sukuma wiki kuliko mimi, lakini neno "mgonjwa" likimponyoka alisema "mteja wa mwili". Sisi wote tuliishia kusema hivyo.

Mwanzoni, kabla Kiswahili chake hakijakomaa, mimi ndiye nilikuwa namtafsiria. Hapo pana kazi, wajukuu wangu! Katika elimu yao, mtu anayepiga chafya na kuwashwa macho kila msimu husemwa kwamba amevamiwa na upepo. Basi siku moja akaja mama mmoja wa kanisa, amejifunga kitambaa cheupe, pua inamtoka maji. Daktari akamshika mkono, akausikiliza mshipa, akaangalia ulimi, akaniambia: "Mwambie, upepo umemwingia."

Nami nikasema vilevile nilivyosikia: "Mama, Daktari anasema upepo umekuingia."

Yule mama alisimama wima. "Upepo? Mimi? Nimeokoka!" Akainua mikono, akaanza kukemea hapohapo kwa sauti iliyowatoa watu wa duka la chini. Daktari Wen aliinamisha kichwa kwa heshima, akidhani ni desturi ya kushukuru. Maombi yalipokwisha ndipo nilipomweleza kilichotokea. Alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo tulikubaliana niseme "hewa ya nje yenye vumbi", na pepo waachiwe wachungaji.

Sasa nikwambieni kidogo kuhusu uchemshaji, kwa sababu hapo ndipo dawa nyingi huharibikia. Majani na mizizi ile hailetwi moja kwa moja kwenye moto. Kwanza unailoweka katika maji baridi mpaka ilegee, ndipo uwashe. Usitumie sufuria ya chuma. Chungu cha udongo ndicho bora. Unachemsha, unachuja, unaongeza maji mengine na kuchemsha tena, kisha unachanganya maji ya kwanza na ya pili ili kikombe cha asubuhi kisizidi nguvu cha jioni. Yenye harufu kali kama mnanaa unayatia mwishoni kabisa, la sivyo nguvu yake yote itaishia darini. Na mwezi wa saba, Eldoret ikiwa ni mawingu na mvua tu, lazima uianike mizizi kila jua likichungulia, maana ukungu ukiingia ndani ya mzizi hauonekani haraka. Unaunusa.

Tulikuwa tukieleza haya yote kwa kila mtu. Hata hivyo mzee mmoja, mkulima kutoka kijiji cha Ziwa, alirudi baada ya wiki, amekunja uso.

"Daktari, hii chai yenu ni mbaya."

"Mzee, si chai. Ni dawa."

"Hata nikiongeza maziwa?"

Kumbe alikuwa akiichemsha na maziwa nusu kwa nusu na sukari ya kutosha, na familia nzima inakunywa pamoja na mandazi. Daktari alimtazama, akaniuliza polepole, "Mama Nafula, hapa kuna kitu chochote ambacho watu hawatii maziwa?"

Baadaye zilikuja zile dawa za unga za pakiti, zimeshachemshwa na kukaushwa kiwandani, unakoroga tu na maji moto. Wagonjwa walizipenda. Daktari alizitumia, ila kila mzigo mpya alifungua pakiti moja akaonja mwenyewe kabla ya kumpa mtu. Alisema pakiti ni mlango uliofungwa, na yeye hapendi kumkaribisha mtu kwenye nyumba ambayo hajaingia.

Lakini shida yetu kubwa haikuwa kupika. Shida ilikuwa wakati. Nyinyi mnajua hali ya huku. Mahindi yakichanua watu wanaanza kujikuna macho. Yakivunwa na kupukuchuliwa, vumbi la magunzi linapaa. Kisha kiangazi, misonobari ya huko juu inamwaga unga wake wa manjano na barabara zinafuka. Hapo ndipo watu walikuwa wakipanda ngazi zetu, wamefura nyuso. Daktari aliwatuliza kadiri alivyoweza, wengine akawatuma hospitali moja kwa moja. Mwenye pumu alimwambia wazi asiache ile pampu yake hata siku moja kwa sababu ya kikombe cha mizizi. Halafu kwa kila mmoja alisema: "Rudi wakati huna kitu. Rudi ukiwa mzima." Walimwona kama amechanganyikiwa. Nani anaenda kwa daktari akiwa mzima?

Nilipomfundisha methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, alinifanya niirudie mara kadhaa. Akaniambia kwao upo mchanganyiko wa zamani sana uliotungwa kwa wazo hilohilo: huangqi, ambao ni mzizi wa manjano, mtamu kidogo, unaokatwa vipande virefu kama ulimi, pamoja na mizizi mingine miwili. Unanywewa miezi kabla ya msimu, kidogokidogo, ili mwili uwe na pazia lake dhidi ya upepo. Siwaambii ni muujiza. Wapo walioinywa kwa uaminifu wakaendelea kupiga chafya vilevile, na Daktari aliwaambia kwa uso mkavu: "Kwako imekataa. Usipoteze pesa." Lakini wapo niliowaona kwa macho yangu wakipata nafuu mwaka baada ya mwaka, na aliyenifundisha zaidi ni Jerotich.

Jerotich alikuwa mkimbiaji, akifanya mazoezi kambini Kaptagat. Alikuja katikati ya kiangazi akiwa na mumewe Kibet, ambaye pia ndiye aliyekuwa kocha wake. Msichana mrefu, mkimya, kope zimevimba hata huoni rangi ya macho. Majaribio ya kuchagua timu ya taifa yalikuwa yamekaribia. Kila mwaka, alisema, mwili unakuwa tayari, miguu inakuwa tayari, halafu vumbi linakuja, pua inaziba, kifua kinabana, na wasichana anaowashinda mazoezini wanampita kwenye mlima.

Kibet hakutaka historia ndefu. "Daktari, nimesikia muko na vile vijiti vya kufungua kifua. Kuna jamaa alitumia, alikuwa anapumua kama gari mpya. Tupee hiyo."

Daktari Wen aliinuka, akafungua kabati lililokuwa na kufuli, akatoa kopo moja na kuliweka wazi mezani. Ndani mlikuwa na vijiti vyembamba vya kijani kilichofifia, kama nyuzi za ufagio.

"Hii ndiyo unaomba," alisema. "Inaitwa mahuang. Nikimpa, kesho pua itafunguka. Moyo utaenda mbio. Halafu watachukua mkojo wake, na mkojo utasema. Hii ni haramu kwa mkimbiaji. Simpi."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo."

"Sasa utatupa nini?"

"Leo, barua ya hospitali. Huko wako na dawa ya kupuliza puani ambayo sheria yenu inakubali, amuulize daktari wa timu. Na mvua ikianza, mrudi kwangu tutayarishe mwaka ujao."

Kibet alisimama, kiti kikaanguka. "Mwaka ujao! Mama," akanigeukia mimi, kana kwamba Daktari hayupo, "mwambie huyu, mkimbiaji hana mwaka ujao. Miguu haingojei. Kazi yake ni kutibu watu ama kuwanyima?"

Sikumtafsiria Daktari, maana alikuwa amesikia kila neno. Akafunga lile kopo, akalirudisha kabatini. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Jerotich alibaki nyuma mlangoni, akamtazama Daktari, kisha akamfuata mumewe kwenye ngazi.

Niliona huruma, na kusema kweli nilijiuliza kama huyu mama hakuwa mgumu kupita kiasi. Tulisikia matokeo ya majaribio redioni huku tukikata mizizi. Jina lake halikutajwa.

Kisha, mvua za kwanza zilipoanguka, Jerotich akapanda ngazi peke yake. Aliketi, akafungua begi lake la mazoezi, akatoa kifuko cha plastiki chenye unga wa kahawia. Hakikuwa na jina wala maandishi.

"Kibet alininunulia," alisema, "kwa mtu anauza na spika huko stendi. Kabla ya majaribio. Aliniambia ninywe asubuhi."

"Ulikunywa?" Daktari aliuliza. Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa ndogo hivyo.

"Nilikoroga. Nikaweka kikombe mdomoni. Halafu nikakumbuka wewe ulitoa kopo lako ukatuonyesha, hukuficha kitu. Huyu wa stendi nilipomuuliza ni nini ndani, alisema ni siri ya Wachina." Akakiweka kile kifuko mezani. "Nikamwaga. Kibet hajui. Anafikiri nilikunywa na ikakataa kufanya kazi."

Daktari alichovya ncha ya kidole kwenye unga ule, akagusa ulimi, akangoja, akatema kwenye karatasi. "Ulimi unakufa ganzi," alisema. "Siwezi kuapa bila kupima. Lakini ulimi wangu unaniambia ni mahuang, na kitu kingine ambacho sikijui."

Jerotich alifunika uso. Siku ile ya majaribio walikuwa wamechukua mkojo wake, ingawa hakushinda. Kura ya vipimo tu ilimwangukia. Fikirieni. Angekunywa kikombe kile, jina lake lingetajwa redioni kwa njia nyingine, na nani angemwamini kwamba hakujua? Daktari Wen alimshika mkono. Nilidhani anasikiliza mshipa. Hakuwa akisikiliza chochote. Alimshika tu.

Baadaye akasema, "Nipeleke unapolala."

Ndivyo tulivyokwenda Kaptagat, mimi na yeye, ametia viatu vya mpira kama anakwenda shambani. Kibet alitupokea kwa uso uliofungwa, lakini mgeni ni mgeni: chai ililetwa. Tulipomaliza, Daktari aliomba kuona chumba. Kilikuwa chumba cha mbao, safi, kitanda kimetandikwa vizuri. Alisimama katikati akifunga macho na kunusa, kama alivyonifundisha mimi kwenye sinia. Kisha akapiga magoti, akainua shuka.

Chini ya kitanda chote, hadi ukutani, mlikuwa na magunia ya mahindi. Yalikuwa yamewekwa humo tangu mavuno kwa kuogopa wezi. Aliligusa moja, akatuonyesha kiganja: vumbi la kijivu, na ile harufu niliyoijua vizuri, harufu ya ukungu.

"Anakimbia mchana anakula vumbi la barabara," alisema. "Usiku anarudi kupumzika, anakula hili. Hakuna mzizi wa kushinda hiyo."

Kibet alikuwa mlangoni. Nilitarajia awake tena. Alitazama magunia, akamtazama mkewe. "Mahindi ni yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyaweka hapo." Akavua koti, akabeba gunia la kwanza mgongoni. Aliyatoa yote yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Jerotich aliketi nje kwenye nyasi, na alipoona mumewe anapita na gunia la mwisho, akapumua, akamwambia ukweli wote wa kile kikombe. Waliongea Kikalenjin, sikuelewa maneno. Nilielewa tu Kibet alipoliweka gunia lile chini, akaliketia na kushika kichwa.

Baada ya hapo kazi ilianza. Daktari alimwambia Jerotich apeleke jina la kila mzizi kwa daktari wa timu kabla ya kunywa hata tone. Yule daktari alikuwa mtu makini: alipitia, akauliza maswali yake, akakubali, lakini akasema mitishamba haina dhamana kamili, kwa hiyo aiache kabisa wiki kadhaa kabla ya kila mbio. Daktari Wen alifurahi kumsikia. "Huyo anajua kazi," aliniambia. Ile ya kupuliza puani ikaendelea kama hospitali ilivyoagiza. Nami nilichemsha huangqi ya Jerotich kwa mikono yangu, miezi ile mahindi yakiwa bado mabichi na yeye akiwa hana hata chafya moja. Alilalamika ni mbaya mdomoni. Nilimwambia ashukuru hatumtilii maziwa.

Mavuno yakaja. Vumbi likaja. Msonobari ukamwaga unga wake. Nilikuwa na wasiwasi kama mama mwenye mtoto mtihanini. Alipiga chafya, ndiyo. Asubuhi macho yalimwasha. Lakini siku moja Kibet alinipigia simu, nikasikia upepo wa mlimani nyuma yake.

"Mama! Mwambie Daktari! Amepanda mlima wote, na anapumua na pua. Pua, Mama!"

Majaribio ya mwaka huo tulifunga kliniki kwa muda. Wagonjwa waliokuwa wakingoja walisogea karibu na redio. Jerotich aliingia timu, si wa kwanza, ila alitosha kuchaguliwa, na vipimo vyake vikawa safi. Sisi tulipiga vigelegele hadi mwenye duka la chini akapanda kuuliza kama tumepata harusi. Daktari Wen aliitikia kwa kichwa, akapangusa miwani yake, akamwita mgonjwa aliyefuata. Sasa yeye amerudi kwao kumtunza mama yake mzee, na kliniki inaendeshwa na kijana Mkenya aliyesomea kazi hiyo. Nikipita pale bado nasikia harufu kwenye ngazi, nasimama kidogo.

Nimekaa na watu wengi waliosoma na wengine wasiosoma. Ujuzi wa dawa unaweza kuukuta kwa wengi. Kilichonifanya nimheshimu Daktari Wen ni kwamba alikuwa na kabati lililojaa dawa, na bado alijua lini asilifungue. Msichana wangu wa chuo alipouliza kwa nini simpi jina tu, nilimpeleka kwa kijana yule kliniki, baada ya kuhakikisha amekwenda hospitali kwanza. Aende aulize anachokunywa ni nini. Akijibiwa "ni siri", aondoke.

Mara ya mwisho nilipowaona Kibet na Jerotich pamoja kliniki ilikuwa miaka michache baadaye, kabla sijastaafu. Mvua zilikuwa zimeanza. Kibet alipanda ngazi amembeba mtoto wao wa kike, mnene, mwenye mashavu yanayong'aa, anatafuna mkate. Jerotich alikuwa nyuma akizuia kicheko.

"Daktari," Kibet alisema, amejaa fahari, "huyu hajaanza kupiga chafya. Hata moja. Nimekuja mapema."

Daktari Wen alimketisha mtoto mezani. Alimwangalia ulimi uliojaa mkate. Alimsikiliza mshipa, akamsikiliza kifua, akamuuliza Jerotich anavyolala, anavyokula, chumba kikoje. Alifanya yote taratibu, kama alivyomfanyia kila mtu. Kisha akamshusha chini.

"Huyu hana ugonjwa," alisema. "Hahitaji dawa. Mpeleke nje acheze."

Nilimtazama Kibet. Nilikumbuka kile kiti kilivyoanguka. Alitazama mikono yake mitupu, akacheka, akampandisha binti yake mabegani, na nikawasikia wakishuka ngazi, mtoto akipiga kelele kwa furaha kila daraja.